Gari si Ghala ya Silaha

Tarehe 1 Januari 2025 jimbo la Colorado, katika Marekani, lilianza kutumia sheria ambayo kwa mtu asiyeijua nchi ile yaweza kuonekana kuwa jambo dogo. Sheria hiyo yasema kwamba mtu anayeiacha bastola yake ndani ya gari lisilo na mtu hana budi kuifungia katika kasha gumu lenye kufuli, kasha hilo liwekwe mahali pasipoonekana na mpita njia, na gari lenyewe lifungwe milango. Masharti ya bunduki ndefu ni tofauti kidogo, lakini shabaha ni ile ile. Anayekiuka amri hiyo hapelekwi gerezani, hutozwa faini.

Msomaji ana haki ya kuuliza kufuli za Colorado zatuhusu nini sisi tulio ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Zatuhusu. Watu wetu wengi, wana wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, wamehamia Marekani, na wako miongoni mwao wanaopata riziki kwa kuendesha malori makubwa kutoka jimbo hadi jimbo. Baadhi yao wamenunua silaha kama majirani zao walivyonunua. Na hapa nyumbani, raia aliye na cheti cha bastola aghalabu ni mtu mwenye gari pia: mfanyabiashara, wakili, mkulima mkubwa, mwanasiasa. Silaha na gari vimekuwa na uhusiano wa karibu sana, na uhusiano huo haujachunguzwa vya kutosha. Marekani imeuchunguza kwa kuchelewa, baada ya kulipa gharama ambayo sisi hatuna haja ya kuilipa.

Tutazame kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Idara ya Marekani inayosimamia silaha, ijulikanayo kama ATF, ilitoa ripoti mwaka 1923 ukiongeza miaka mia moja, yaani 2023, ikaonyesha kwamba katika miaka mitano, kuanzia 2017 hadi 2021, silaha zaidi ya milioni moja ziliripotiwa kuibwa kutoka kwa raia wa kawaida. Hizo ni zile zilizoripotiwa tu. Shirika la Everytown, ambalo hupigania udhibiti wa silaha na kwa hiyo lina upande wake katika mabishano haya, lilipitia takwimu za polisi zilizokusanywa na FBI kutoka miji 337, likakuta kwamba mwaka 2022 silaha zilizoibwa katika miji hiyo zilikaribia 112,000, na kwamba zaidi kidogo ya nusu yake zilitolewa ndani ya magari. Miaka kumi nyuma, magari yalikuwa hayafikii robo ya wizi huo. Mwizi wa zamani alivunja nyumba. Mwizi wa leo huvunja kioo cha gari, kazi ya sekunde chache, naye huwa ameshapotea kabla mwenye gari hajasikia.

Mji wa Nashville, ulio katika jimbo la Tennessee, waweza kutufaa kama mfano. Polisi wa mji huo wamejiwekea desturi ya kutangaza kila wiki idadi ya bunduki zilizoibwa magarini. Mwaka 2022 peke yake zilipita 1,300. Mji mmoja, mwaka mmoja. Hizo zatosha kuwapa silaha askari wa zaidi ya batalioni nzima, na zote zilikwenda mikononi mwa watu ambao, kwa sababu ya umri wao au rekodi zao za uhalifu, wengi wasingeuziwa hata moja dukani.

Je, imekuwaje hata silaha nyingi hivyo zikawa zimelala ndani ya magari? Jibu la haraka ni uzembe, na uzembe upo. Walakini sisi twaona kwamba sheria zenyewe zilishiriki katika kuzipeleka huko.

Katika muda wa miaka arubaini hivi, jimbo baada ya jimbo lilimlegezea raia masharti ya kutembea na bastola. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi maarufu iliyotoka New York, iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba raia ana haki ya kikatiba ya kubeba silaha nje ya nyumba yake kwa ajili ya kujilinda. Hata hivyo mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba ziko sehemu ambazo silaha yaweza kukatazwa, kama vile mahakamani na katika majengo ya serikali. Wenye maduka, makampuni, hospitali na viwanja vya michezo nao wana mikatazo yao. Matokeo yake ni nini? Mtu hutoka nyumbani na bastola kiunoni kwa kuwa sheria yamruhusu. Hufika mahakamani akasimamishwa mlangoni. Huenda kazini, mwajiri hataki. Huenda kutazama mpira, mlinzi humpekua. Kila mlango unamwambia airudishe silaha, na mahali pa kuirudisha ni pamoja tu, nalo ni gari aliloliegesha nje. Hivyo uwanja wa kuegeshea magari umegeuka kuwa ghala ya silaha isiyo na mlinzi wala daftari, na wezi walilielewa hilo mapema kuliko watunga sheria. Ukitaka bastola, wala huhitaji kumfuata mtu aliyeivaa. Nenda palipo na mkutano mkubwa au mechi, kisha tembea kati ya safu za magari.

Tennessee ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2013, mwenye kibali aliruhusiwa kuiacha silaha ndani ya gari lake hata katika uwanja wa mwajiri asiyeitaka, mradi isionekane, na iwe imefungiwa katika buti, au katika kile kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, au ndani ya gari tu. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilimruhusu hata asiye na kibali kuwa na bastola yenye risasi garini mwake, kwa hoja kwamba gari ni sehemu ya nyumba ya mtu. Kisha, tangu Julai 2021, kibali chenyewe hakihitajiki tena kwa watu wazima wengi. Sasa hebu msomaji aipime hoja hiyo ya gari kuwa nyumba. Nyumba ina kuta za mawe au matofali, ina majirani wanaokujua, na usiku umo ndani yake. Gari lina vioo pande zote, limeachwa barabarani saa nane mchana, na majirani zake ni magari mengine. Kuliita nyumba ni kuchezea maneno.

Asije mtu akadhani kwamba waliokosea ni raia wasiofunzwa peke yao. Kisa kilichotokea San Francisco mwaka 2015 chastahili kukumbukwa kwa makini, maana kilizua kelele kubwa sana nchini humo, na kelele zenyewe zikazima jambo lililokuwa la kwanza kabisa.

Mwishoni mwa Juni mwaka huo askari wa idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi za umma alikuwa safarini na jamaa yake. Aliliegesha gari lake karibu na ufuko wa mji huo, akauacha ndani mfuko wenye bastola aliyopewa na serikali, nayo ilikuwa na risasi. Gari likavunjwa, mfuko ukachukuliwa. Siku nne baadaye, tarehe 1 Julai, bastola hiyo ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja kwenye gati la kutembelea watu, ikalia, risasi ikagonga sakafu ya gati, ikaruka, ikampata mwanamke kijana aliyekuwa akitembea na baba yake, akafa.

Aliyekuwa na bastola alikuwa mhamiaji asiye na karatasi, aliyekwisha kurudishwa kwao mara kadhaa. Hapo Marekani yote iliingia katika mabishano juu ya uhamiaji, juu ya miji inayokataa kushirikiana na idara ya uhamiaji, na juu ya mipaka. Kisa hicho kilitumiwa katika kampeni za urais za mwaka 2016 kana kwamba kilikuwa mali ya chama. Mwezi Novemba 2017 jopo la raia waliokula kiapo lilimwachilia mshtakiwa kwa shtaka la kuua, na kelele zikaanza upya. Katika miaka yote hiyo, ni wachache waliouliza swali la mfuko uliokuwa garini. Kama bastola ile ingalikuwa ndani ya kasha la chuma lililofungwa kwenye buti, au ingalikuwa hotelini pamoja na mwenyewe, wala mhamiaji wala mwenyeji asingaliipata siku ile, na yule binti pengine angalifika nyumbani na baba yake.

Jamaa wa marehemu waliishtaki serikali kuu, wakidai kwamba uzembe wa askari wake ndio uliosababisha kifo. Mahakama iliikataa kesi yao, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa iliuthibitisha uamuzi huo, kwa hoja kwamba kati ya kuliegesha gari na ile risasi kulikuwa na hatua nyingi mno. Sisi si mahakimu, wala hatudai kwamba mahakama ilikosea katika sheria iliyokuwapo. Lakini uamuzi huo unatuonyesha wazi pengo lilipo. Pale ambapo sheria haikumwandikia mwenye silaha wajibu ulio bayana, mnyororo wa matukio hukatika mahali pale pale ambapo ungemfikia yeye. Mwizi hajulikani alipo, aliyefyatua asema iliokotwa, na mwenye bastola asema aliibiwa. Kila mmoja ana jibu lake, na maiti imezikwa.

Miezi mitatu haikutimia kabla ya jambo lile lile kutokea upande wa pili wa ghuba. Septemba 2015, huko Oakland, msanii kijana aliyekuwa akichora picha kwenye ukuta chini ya daraja la barabara kuu alipigwa risasi akafa. Bastola iliyotumika ilikuwa imeibwa wiki mbili kabla katika gari la afisa wa idara ya uhamiaji ya serikali kuu. Safari hii hapakuwa na mhamiaji wa kulaumiwa. Habari hiyo haikuvuka mbali.

Kwa sifa ya California, wabunge wake waliuona ukweli uliofichwa na kelele. Mwaka 2016 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 2017, ikawalazimisha hata polisi kuifungia bastola katika buti, au katika kasha lenye kufuli lisiloonekana, kila wanapoiacha garini. Faini yake yaweza kufika dola 1,000. Kabla ya hapo wajibu wa namna hiyo uliwahusu raia, na polisi waliachwa nje, kana kwamba mwizi husoma kitambulisho cha mwenye gari kabla ya kuvunja kioo.

Na wizi si hatari pekee. Mwezi Aprili 2016, katika mji wa Milwaukee, mama mmoja alikuwa akiendesha gari lisilokuwa lake, na mtoto wake ameketi nyuma. Bastola iliyokuwa chini ya kiti cha dereva iliteleza ikatokea upande wa nyuma. Mtoto wa umri wa miaka miwili akaiokota, na risasi ikapenya kiti ikamuua mama yake papo hapo. Mwenye bastola hakuwa hata ndani ya gari. Chini ya kiti ndiko wengi wanakoona kuwa mahali pazuri pa kuificha silaha, kumbe ni mahali ambapo silaha hujisafiria yenyewe kila dereva anapokanyaga breki.

Wapinzani wa sheria hizi wana hoja, nasi hatuna budi kuzitaja kwa haki. Wasema kwamba bastola iliyofungiwa haimsaidii mtu anapovamiwa. Hoja hii ingekuwa na uzito kama sheria zingezungumzia bastola ambayo mwenyewe yuko nayo. Hazizungumzii hiyo. Zinahusu gari lililoachwa bila mtu, na mtu aliyeketi mahakamani au uwanjani hawezi kujilinda kwa bastola iliyo garini, iwe imefungwa au imeachwa wazi. Mtu pekee anayeweza kuitumia wakati huo ni yule aliyevunja kioo. Wasema pia kwamba kumtoza faini aliyeibiwa ni kumwadhibu mara mbili. Hapa pana ugumu wa kweli, kwa sababu mtu anayeogopa faini aweza kuamua kutoripoti wizi. Serikali kuu ya Marekani haimlazimishi raia kuripoti silaha iliyoibwa, ilhali muuzaji mwenye leseni hupewa saa 48 tu kufanya hivyo. Baadhi ya majimbo yamewawekea raia wajibu huo, mengine hayajafanya. Rai yetu ni kwamba wajibu wa kufunga na wajibu wa kuripoti huenda pamoja; ukiuweka wa kwanza bila wa pili, utakuwa umewafundisha watu kunyamaza. Na aliyefunga vizuri kisha akaibiwa, asiguswe.

Tuje sasa kwenye utendaji, maana wako wasomaji wetu wanaomiliki silaha kihalali, na kwao maneno ya jumla hayatoshi.

Jambo lililo bora kuliko yote ni kutoiacha silaha garini. Anayejua kwamba atakwenda mahali isikoruhusiwa, na aiache nyumbani katika sefu. Usiku, hasa, silaha isibaki nje. Gari lililolala barabarani mpaka alfajiri lampa mwizi muda wote anaoutaka. Pale isipowezekana kuepuka, kasha liwe la chuma, na lenyewe lifungwe kwa waya mnene wa chuma kwenye fremu ya kiti, au likazwe kwa skrubu kwenye sakafu ya buti. Kasha lisilofungwa mahali humsaidia mwizi kubeba: hulinyanyua akaenda kulivunja kwao kwa utulivu. Kufuli ndogo ya kuzuia kifyatulio inafaa kumkinga mtoto, lakini haimzuii mwizi, ambaye ataondoka na bastola pamoja na kufuli yake. Risasi zitolewe na kuwekwa mbali. Namba ya silaha iandikwe na kuhifadhiwa nyumbani, maana bila namba hiyo polisi hawana cha kuingiza katika daftari la silaha zilizoibwa, na bastola ikipatikana itakuwa yatima.

Liko kosa moja ambalo hata waangalifu hulifanya, nalo ni kufika uwanjani, kushuka, kufungua buti, kuivua bastola mbele ya watu na kuiweka humo. Mwizi anayeotea magari hangojei kubahatisha. Hutazama nani ameweka nini wapi. Kinachotakiwa kuwekwa kiwekwe kabla ya kufika. Vivyo hivyo zile karatasi za rangi ambazo Wamarekani hupenda kubandika nyuma ya magari yao, zenye majina ya viwanda vya bunduki au maneno ya majigambo. Mwenye gari hudhani anatisha watu. Kwa mwizi hilo ni tangazo la bidhaa.

Kwa ndugu zetu waendeshao malori huko Marekani, ugumu mwingine ni wa mipaka ya majimbo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, iliyotiwa sahihi na Rais Reagan, yampa msafiri kinga anapoipeleka silaha kutoka mahali anaporuhusiwa kuwa nayo hadi mahali pengine anaporuhusiwa, hata akipita katika jimbo lenye masharti makali. Lakini kinga hiyo ina masharti yake: silaha isiwe na risasi, na silaha pamoja na risasi visiweze kufikiwa kwa urahisi na walioketi garini. Gari lisilo na buti la kutenganishwa, na kichwa cha lori ni mfano mzuri, lazima liwe na kasha lililofungwa kwa kufuli, nacho kile kisanduku cha mbele ya abiria hakihesabiki. Tukumbuke kwamba Tennessee yakikubali kisanduku hicho, na New York, katika sheria yake ya mwaka 2022, yasema kwa maneno ya wazi kwamba hakifai. Dereva anayetoka Nashville kwenda New York, bila kugusa chochote garini mwake, ameondoka akiwa mtu wa sheria akafika akiwa mhalifu.

Tena kinga ya mwaka 1986 ni ya mpita njia. Msafiri mmoja, mwaka 2005, alikosa ndege ya kuunganisha safari huko Newark, akalazimika kulala hotelini na mzigo wake, na ndani ya mzigo mlikuwamo bastola iliyofungwa sawasawa. Asubuhi aliporudi uwanjani akaitangaza silaha yake kama alivyotakiwa, alikamatwa, akakaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini aliposhtaki kudai haki yake, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2010 kwamba kinga haikumfikia, kwa kuwa usiku ule mzigo ulikuwa mkononi mwake. Anayelala njiani na ayafikirie hayo. Makampuni mengi ya malori, isitoshe, hayataki silaha kabisa katika magari yao. Na aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, ajue kwamba sheria ya shirikisho yamkataza kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa mtu huyo swali la kuifungia wapi halizuki, asiiguse.

Turudi nyumbani. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, katika kifungu chake cha 18, yamtaka kila aliye na silaha aiweke salama wakati wote, na achukue kila tahadhari ipasayo isipotee, isiibwe, wala isimfikie asiyeruhusiwa. Maneno hayo ni mazuri, lakini ni ya jumla. Mwenye cheti akiulizwa, atasema kwamba gari lake lilikuwa limefungwa milango, na kwamba hiyo ndiyo tahadhari ipasayo. Nani atambishia? Afrika Kusini ilijibu swali hilo katika sheria yake ya mwaka 2000: silaha ama iwe mwilini mwa mwenyewe au chini ya mamlaka yake ya moja kwa moja, ama iwe imefungiwa katika sefu au chombo kilichoidhinishwa, hapana hali ya tatu, na anayeipoteza lazima aripoti ndani ya saa 24. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo nchi zetu zilitia sahihi, nayo ilizitaka serikali ziweke kanuni za uhifadhi wa silaha zilizo mikononi mwa raia.

Hali iliyowafikisha Wamarekani walipo imekwisha kuanza kuonekana kwetu. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, mtu haingii katika jumba kubwa la maduka, benki au hoteli bila kupekuliwa. Huo ni ulinzi wa lazima na hatuupingi. Lakini mwenye bastola halali anayefika mlangoni hujikuta katika shida ile ile ya mtu wa Nashville: silaha haiingii, naye hawezi kuirudisha nyumbani saa hiyo. Inabaki garini. Wezi wetu wa vioo vya kando na redio za magari ni hodari, na siku watakapojua kwamba chini ya kiti mna kitu chenye thamani kubwa kuliko redio, watabadili kazi. Nchi ambayo raia wachache wana silaha haipati nafuu katika hili. Bastola moja iliyoibwa hukodishwa kwa jambazi baada ya jambazi, na kila mmoja huitumia kadiri apendavyo.

Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwaamuru wenye vyeti wote wahakikiwe upya. Walihojiwa, silaha zao zikakaguliwa, wasiofaa wakanyang'anywa. Zoezi hilo lilimtazama mtu. Sasa litazamwe gari lake. Halmashauri ya Leseni za Silaha haihitaji kungoja Bunge, kwa kuwa cheti chaweza kutolewa kwa masharti. Anayeomba cheti au kukihuisha, na ambaye anamiliki gari, aonyeshe kasha la chuma lililokazwa ndani ya gari hilo, au atie sahihi kwamba hataiacha silaha humo hata kwa dakika tano. Majumba ya maduka na benki nayo yaweza kuwekewa sharti la kuwa na sefu ya kupokelea silaha langoni, mwenye silaha apewe stakabadhi kama anavyopewa mtu aliyeacha mzigo, na namba ya silaha iandikwe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya vile vioo vya kuchungulia chini ya magari ambavyo kila lango linavyo.